Kadi ya Neema

Nakumbuka mchana mmoja kule mtaani kwetu Sakina, mwanangu, na nimeukumbuka kwa sababu ya ule ukurasa wa programu ulionionyesha juzi. Usikasirike nikicheka. Nimeona vialama vya kunukuu vimejaa kila mwanzo na mwisho wa mstari, na nukta za kuunganishia katikati, nikasema, huyu ni damu ya shangazi yake kabisa!

Wakati huo ndiyo kwanza nilikuwa nimejua kutengeneza tovuti, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Neema, mtoto wa marehemu mama yangu mdogo, alikuwa anafanyiwa sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, nikajitolea kutengeneza kadi ya mtandaoni: kila mgeni akifungua kiungo na kujaza jina lake, seva inampangia kadi yenye jina hilo. Ukoo mzima ukawa unanisifia, nami nikasifika kweli.

Mialiko ilitakiwa iende jioni ile. Mjomba Aminieli, kaka wa mama zetu, akashuka kutoka mlimani kuja kuisikia, maana kwetu maneno ya kualika watu kwenye shughuli ya binti hayatoki mjomba hajayasikia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Haya, nisomee."

Bahati mbaya ukurasa ulikuwa unatoka mweupe, hauna kitu. Nikamsomea kutoka kwenye programu yenyewe, najikwaa kila mstari. Akavaa miwani, akainamia skrini.

"We mtoto, maneno ya kukaribisha watu umeyakatakata kama mishikaki! Yaandike kama nitakavyoyasema nikisimama ukumbini."

Nilinuna, sikufichi. Nikawaza, mjomba na kompyuta wapi na wapi? Lakini mjomba haambiwi hapana. Lugha ile ya programu ina njia ya kuandika mistari mingi kwa mkupuo: unaweka vimshale vitatu na neno ulilochagua, mimi niliweka KADI, kisha unaandika maneno yako yalivyo, mstari kwa mstari, penye jina la mgeni unaweka nafasi yake, ukimaliza unafunga kwa neno lile lile. Basi nikavinyofoa vialama vyote. Kumbe kosa lilikuwa humo humo kwenye vialama, maana ukurasa ukafunguka!

Nikampisha mjomba kwenye kiti asome mwenyewe. Akasoma kwa sauti ya kanisani, akafika mwisho, akanigeukia.

"Mama yangu yuko wapi?"

Jamani! Bibi yetu, aliyemlea Neema tangu akiwa mchanga, hayumo! Mstari wake ulikuwepo, lakini asubuhi ulinigomea, nikaufuta ili nione kama ukurasa utafunguka, nikajiambia nitaurudisha. Kwenye msitu ule wa vialama nani angeona kwamba haupo? Bibi angesikia kadi imesomwa na ukoo mzima yeye akiwa hayumo, asingekanyaga ukumbini, namjua. Na Neema asingeingia bila bibi yake.

Nikaurudisha hapo hapo, mjomba kasimama nyuma yangu.

"Na umweke juu, siyo huko chini," akasema, na sasa alikuwa anacheka.

Siku ya sendofu bibi alifika kabla hata wapambaji hawajamaliza. Kila aliyeingia alipewa simu amsomee bibi kadi, mpaka chaji ikaisha.

Kwa hiyo, mwanangu, maneno yanayokwenda kwa watu yaandike kama yatakavyosomwa, ili mwenye shughuli ayasome kabla seva haijayatoa. Majina wanayojaza wageni yasafishe kwanza kabla ya kuyaingiza, watu wengine watundu sana, badala ya jina watakupenyezea programu yao. Na mstari ukikugomea, usiufute kwa hasira. Jiulize kwanza ni wa nani.

Mungu aibariki mikono yako, akufikishe na wewe siku ya kadi yako, na humo asikosekane hata mmoja wa waliokulea. Na mimi shangazi yako uniweke juu, siyo huko chini.