Uso wa Kawaida

Pale kituo cha polisi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Penseli, na jina lilimkaa, maana alikuwa mrefu, mwembamba, na hakosi penseli nyuma ya sikio hata akienda msalani. Kazi yake ilikuwa kuchora sura za watu ambao hajawahi kuwaona. Mtu akiibiwa, mwizi akatoweka, aliyeibiwa analetwa kwenye chumba chake, anakalishwa kwenye kiti chenye mto, anaambiwa haya, taratibu, tuanze na kichwa. Penseli anachora, shahidi anasema pua ipanuke kidogo, masikio yasimame, mpaka ghafla anashika mdomo na kusema ndiye huyu. Hapo Penseli alivimba kichwa, na nani angemlaumu? Watu wangapi walikamatwa kwa mkono wake?

Ujanani alikuwa mchora mabango ya vinyozi, yale ya vichwa vya wanaume walionyolewa wakakodoa macho. Siku moja mpelelezi mkuu alisimama kulicheka bango moja, kicheko kikamkatika, kwa sababu kichwa kimojawapo alikuwa akikitafuta kwa wizi wa pikipiki. Mchoraji alikuwa amemwona mtu huyo mara moja tu, akipita. Akachukuliwa siku hiyo hiyo. Akafundishwa kazi, akapewa na kanuni moja ambayo baadaye alizoea kuwahubiria wenzake: uso ni wa shahidi, wewe una mkono tu. Asilolisema, usimsemee.

Kanuni aliijua vizuri. Tatizo lake, jamani, lilikuwa sifa, tena na hadithi za upelelezi. Nyumbani alikuwa na rundo la vitabu hivyo, majalada yamechanika, na mwenzake wa kuvisoma alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi saa. Fundi hakuwa na mke, kwa hiyo chakula cha jioni alikula kwa dada yake. Wakishamaliza kula wanaanza kubishana: muuaji ni nani, mpishi au mpwa wa marehemu? Fundi akipatia, Penseli anaapa kwamba amechungulia ukurasa wa mwisho. Mke anawaambia hamna akili nyote wawili. Zilikuwa jioni nzuri, na Penseli hakujua ni nzuri kiasi gani mpaka zilipokwisha.

Hivyo miaka nenda rudi alikula akitazamana na uso ule ule: paji pana, mashavu yaliyobonyea, na jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, kwa sababu ndilo fundi alilobania kile kioo cha kukuzia vitu vidogo.

Ndipo duka la dawa likavamiwa. Muuza dawa, mama mtu mzima, aliletwa kwenye kiti chenye mto akiwa bado anatetemeka. Penseli akamuuliza juu ya uso. Akasema ulikuwa uso wa kawaida. Macho je? Ya kawaida. Mdomo? Wa kawaida tu, mwanangu. Mpelelezi mkuu alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa, na Penseli hakuwa amezoea kutoa karatasi tupu.

Sasa, kawaida ni nini? Neno hilo halina pua wala kidevu. Kila mtu ana kawaida yake, nayo ni ule uso anaokaa nao kila siku. Penseli aliuliza maswali mengine mawili matatu, akajibiwa vile vile, halafu mkono ukaanza kwenda wenyewe. Paji likatoka, mashavu yakafuata. Muuza dawa akatazama, akasema labda. Penseli akatia kivuli hapa na pale, mama akatazama tena, akasema eeh, nadhani ni yeye. Alitaka kwenda kulala, maskini.

Picha ikabandikwa mitaani, moja ikawekwa ndani ya duka lenyewe la dawa. Haikuchukua muda, wateja wa fundi saa wakaanza kunong'ona, na mmoja wao akaenda kituoni. Fundi akachukuliwa akiwa na saa ya mtu mkononi, imefunguliwa mgongo. Wakampanga mstarini na wanaume wengine, muuza dawa akapita mbele yao, akamgusa bega bila kusita. Hakusema uongo. Kila alipoinua kichwa dukani alikuwa akiona picha ile, mpaka uso wa mwizi wa kweli ukafutika kabisa akilini mwake.

Penseli alipopata habari alikwenda chumbani kwake, akautoa mchoro, akalitazama jicho la kushoto. Alijua.

Alijua, lakini sikia alichofanya. Badala ya kukimbilia kwa mpelelezi mkuu, alikaa akaanza kuwaza: je, kama ni kweli? Mkono huu umeshawahi kukosea lini? Akakumbuka kwamba siku ya wizi shemeji alichelewa kuja kula. Akakumbuka viatu vipya. Akaunganisha hiki na kile, kama wanavyounganisha wapelelezi wa vitabuni, na vitabuni mwizi si huwa mtu wa karibu? Mtu aliyekula naye sahani moja akamtilia shaka, penseli yake akaiamini.

Mkewe alimsihi aende akamwone kaka yake, kwani alifungiwa jengo lile lile analofanyia kazi. Akajibu kwamba sheria haimruhusu kuingilia. Sheria gani, wakati mahabusu ilikuwa mwisho wa korido yake? Akaanza kupitia mlango wa nyuma. Jioni moja mke aliweka sahani mbili tu mezani, akakaa, akamwangalia.

"Yule mama alikwambia habari ya jicho?"

Penseli akasema chakula kinapoa.

Alijiahidi kusema kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, na kabla hajasema, mwizi wa kweli akanaswa duka lingine akiwa na dawa zilizoibwa kwa yule mama mfukoni: kijana mnene, mashavu yamejaa, macho yote mawili makubwa. Fundi akafunguliwa mlango, akaambiwa unaweza kwenda. Hakuna aliyemwomba radhi, na Penseli siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa, eti kichwa kinamuuma.

Kesi watu waliisahau, picha hawakuisahau. Walioacha saa zao kwa fundi walikuja kuzichukua hata ambazo hazijapona, na wapita njia walikumbatia mikoba yao kila walipolifikia dirisha lake. Kwa dada yake hakuja tena kula. Penseli aliomba kuhamishiwa stoo ya vifaa, akawa anagawa wino na karatasi. Penseli ikatoka nyuma ya sikio.

Halafu Jumapili moja mchana fundi akabisha hodi. Amekonda, ndevu amenyoa. Akamwambia dada yake hataki chai, akamgeukia mume.

"Shem, nichore. Nichore vizuri, nikabandike pale pale uliponibandika mara ya kwanza. Watu wanione."

Penseli karibu alie kwa furaha. Aliona amesamehewa. Akaleta karatasi nzuri, akamsogeza penye mwanga, akachora mchana kutwa, akafuta, akachora tena. Safari hii mwenye uso alikuwa amekaa mbele yake. Mkewe alikuja nyuma yake, akachungulia, akarudi jikoni.

Fundi akaichukua karatasi. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Ni yule yule," alisema. "Wa kwenye tangazo."

Penseli akasema ngoja, labda kivuli kimezidi, nipe nirekebishe.

"Shem, nilipokuwa ndani, kuna siku hata moja uliamini kwamba si mimi?"

Penseli alichukua kifutio. Fundi akamsubiri, kwa subira ile ile aliyokuwa nayo kwenye saa za watu. Kisha akaiweka karatasi mezani, akaenda jikoni kumuaga dada yake, akatoka.

Penseli akabaki na kifutio. Alianza na jicho, akaja mashavu, akaja paji, akitafuta mwizi anapoishia na shemeji yake anapoanzia, mpaka karatasi ikatoboka.