Mashuka Juu ya Sola

Jengo la mama mmoja lilikuwa na ghorofa nne za vitambaa na vyerehani, hapo Kariakoo, na umeme wa mtaani ulikuwa haujaingizwa. Kutwa tuliishi kwa jenereta, linakunywa dizeli kama mtu aliyetoka kufunga.

Mimi nilikuwa fundi wake wa umeme. Wiki tatu nilimwimbia habari za sola: paneli juu ya paa, betri chini, na jua likitosha kubeba vyerehani, jenereta linajizima lenyewe. Mwisho akakubali, mama yule wa Kichaga asiyenunua hata sindano bila kuuliza mara tatu. Akatoa sharti.

"Saa sita mchana jenereta likiwa bado linawaka, shusha vioo vyako. Na kazi basi."

Nikacheka. Nilikuwa nimejitapa mpaka kwa muuza kahawa.

Siku ya kuwasha, saa tano na nusu, jenereta linanguruma tu. Saa sita kasoro robo, bado. Mtambo wa sola kule chini unaonyesha paneli hazitoi kitu, na nje jua linachoma utosi! Nikakagua nyaya, nikakaza skrubu nilizokwisha kuzikaza. Mafundi cherehani wakaanza kunipa pole kama nimefiwa. Nikapanda ngazi mbili mbili hadi juu.

Paneli zote zilikuwa zimefunikwa mashuka. Mashuka ya maua, yamenyooshwa vizuri, kila pembe imewekewa tofali.

Mama akatokea nyuma yangu, anahema kwa ngazi.

"Shikamoo," nikasema, ingawa tulishasalimiana asubuhi.

"Marahaba. Unashangaa nini? Vitu vipya, vya bei vile, unaviacha juani vipauke?"

Huyu ndiye mwenye rimoti ambayo haijawahi kutolewa kwenye nailoni. Nikakaa chini kwenye zege, nikacheka mpaka machozi.

"Mama, hivi chakula chake ni hilo jua!"

Akaniangalia, akaangalia juu, akajiziba mdomo. Kisha tukayavuta mashuka kama wendawazimu, wote wawili tunacheka, na moja likapeperuka likamfunika msukuma mkokoteni kule chini.

Kabla saa sita haijagonga, jenereta likakohoa, likanyamaza. Vyerehani havikusimama hata kimoja. Nilitaka kucheza pale pale.

Mama alikuwa amezoea kushindana kwa sauti na ule mngurumo, kwa hiyo alichotaka kuniambia mimi tu kikasikika mpaka barabarani:

"Kumbe mtoto wewe unajua kazi!"