Uma ya Kireno

Juzi hapa Houston, mwanamke aliyenitangulia kwenye foleni ya duka la matunda aliinua papai, akamwambia muuzaji kwa Kireno, “Uma.” Nusura nimuulize anaumwa wapi.

Nilipokuwa mtoto, tulikuwa wageni katika mji wa Lewisville, huku huku ugenini. Darasa lilinuka zulia lenye unyevu, na tangu tufike sikuwa nimesikia Kiswahili nje ya nyumba yetu. Mwalimu wa somo la Kireno alikuwa akitufundisha kuhesabu watu. Alininyooshea kidole, mimi msichana wa kwanza mstarini, akasema kwa upole, “Uma.”

Nikasikia ananiuliza panaponiuma.

“Tumbo,” nilimjibu. “Lakini kidogo tu.”

Alitabasamu, akamgeukia msichana wa pili: “Duas.” Nikadhani ndilo jina lake.

Sasa najua uma ni moja, ukihesabu wa kike. Siku hiyo nilikimbia hadi nyumbani, nikamkuta Mama akijiandaa kwenda kutunza wazee wa watu.

“Mama, mwalimu wangu anajua Kiswahili!”

“Ati? Wa wapi huyo?” Akaketi, kiatu mkononi. “Mwambie Jumamosi aje tunywe chai.”

Nilimwambia mwalimu, kwa Kiswahili. Aliitikia kwa kichwa, kama walivyoitikia wote kule kila nilipoongea.

Jumamosi nyumba ilinukia iliki na mandazi. Mama alipaka wanja, akapanga vikombe vitatu. Tulisikiliza kila gari lililoegeshwa nje. Chai ilipofanya utando, Mama alinyanyuka, akarudisha kikombe kimoja kabatini.