Mume Wangu wa Mstari wa Mbele

Mume wangu alifika kwenye kaunta yangu na fomu aliyoijaza nusu. Wakati ule nilikuwa mapokezi katika zahanati moja ya Ilford, mashariki mwa London, na asubuhi ile nilikuwa nikiandikisha wagonjwa wapya. Alikuwa mpana hata waliokuwa nyuma yake kwenye foleni hawakuonekana, na masikio yake yalikuwa yamekunjamana kama maandazi yaliyokataa kuumuka. Nafasi ya kuandika jina la ndugu wa karibu, wa kupigiwa simu likitokea jambo, aliiacha tupu. Nikamwambia lazima pawe na mtu. Akafikiri kidogo, akasema nchi hii hana ndugu, ana timu tu. Nikaandika namba ya klabu yake, na mahali pa jina nikaandika "timu". Jioni mkubwa wangu wa kazi akanirudishia fomu ile akitaka kujua timu ndiyo nani.

Sikumfikiria tena mpaka mama yangu aliporudi nyumbani Jumamosi moja akisifu kijana aliyembebea gunia la mchele kutoka dukani hadi kituo cha basi, kwa mkono mmoja, kama mtu aliyebeba gazeti. Mama alisema ni Muislamu, maana alimtolea salamu kabla ya kuugusa mchele. Alisema pia masikio yake yana kasoro. Nikajua ni nani.

Kwao ni Cape Town, katika mitaa ya maghorofa mafupi ambako, anasema, upepo huanika nguo na kuziiba saa ileile. Huko Waislamu wa kwao wanacheza raga kama sisi Wazanzibari tunavyocheza mpira wa miguu. Baba yake alicheza miaka ambayo serikali ilitenganisha watu kwa rangi hata viwanjani. Alicheza kwenye uwanja wa changarawe, akirudi nyumbani na magoti yaliyochunika, na timu ya mkoa iliyokuwa ikiandikwa magazetini hakuruhusiwa hata kuijaribu. Mwanawe alipoitwa kwenye kikosi cha mkoa, yule mzee alichukua ndoo. Alitoka nje akaosha gari, na gari lilikuwa limeoshwa asubuhi.

Alicheza mstari wa mbele, nafasi ambayo kwa Kiingereza huitwa kwa neno lenye maana ya nguzo ya kuegemeza ukuta. Kwenye skramu, pale watu wanane wa kila upande wanapoinamiana na kusukumana, yeye ndiye anayekutana kichwa kwa kichwa na adui, na uzito wa wenzake wote unapita shingoni mwake. Mpira unaporushwa kutoka pembeni, yeye humnyanyua mwenzake mrefu juu ili audake. Anayedaka hupigwa picha. Anayenyanyua huonekana viganja tu.

Alikaa benchi miaka miwili kabla ya kuanza mechi. Mara yake ya kwanza uwanjani aliingia dakika za mwisho, na mama yake akamrekodi kwa simu, lakini rekodi ile inaonyesha anga na paa la jukwaa na sauti ya mwanamke anayelia. Baadaye aliichezea timu ya mkoa misimu saba. Timu ya taifa ilimwita mara moja kwenye kambi ya mazoezi, na siku tatu kabla ya kuripoti akachanika msuli wa paja. Hawakumwita tena. Nilipomuuliza kama jambo hilo linamuuma, alisema linamuuma mvua inaponyesha, na London mvua inanyesha sana.

Klabu moja ya hapa, si miongoni mwa zile kubwa, ilimpa mkataba, ndipo akaja.

Alipotaka kuniposa hakuwa na mzee wa kumtuma. Baba yangu alikuwa mtu wa Pemba, aliyekimbilia hapa kijana na kustaafu akiwa karani, na kwa mambo ya posa hakutaka mchezo. Mume wangu akamleta nahodha wa timu yake, mtu wa Wales mwenye pua iliyovunjika mara nyingi, aliyefundishwa njiani aseme asalaam alaykum. Alisema vizuri. Kisha akakaa kwenye kochi letu na kikombe cha chai ya tangawizi kikapotea ndani ya kiganja chake, akamwambia baba kwamba amesukumana bega kwa bega na kijana huyu miaka miwili na hajawahi kumwona akirudi nyuma.

Baba akamuuliza mwenye posa kazi yake hasa ni nini. Akamweleza nafasi yake uwanjani, na kwamba jina la nafasi hiyo maana yake ni nguzo ya kuegemeza ukuta.

"Mwega," baba akasema kwa Kiswahili, akijisemea. Halafu akamgeukia mama. "Anataka nimwoze binti yangu kwa mwega."

Mama akamjibu kwamba nyumba zisizo na mwega ameziona nyingi zikianguka. Baba alikubali baada ya wiki tatu, lakini hakulipenda jambo lile. Kwake kazi ilikuwa meza, kalamu na shati lenye kola. Miaka mingi alimtaja mume wangu kwa watu kama "yule bwana", na mume wangu alijua maana ya maneno hayo kabla hajajua Kiswahili kingine chochote.

Mechi yake ya mwisho niliiangalia bila kujua ni ya mwisho. Uwanja ulikuwa tope. Binti yetu alikuwa na mwaka mmoja, amelala kifuani kwangu ndani ya koti. Skramu ilianguka, wote wakainuka, yeye akabaki amepiga magoti, akiutazama mkono wake wa kushoto kama mkono wa mtu mwingine. Aliinuka mwenyewe na kutoka kwa miguu yake, na watu wakampigia makofi. Mimi nilimshukuru Mungu, nikadhani yamekwisha. Daktari wa mifupa akatuonyesha picha ya shingo, akasema anaweza kuishi maisha yake yote vizuri, anaweza kubeba mtoto na mizigo, ila kichwa kile kisiingie tena kwenye skramu. Mume wangu akamshukuru, akampa mkono.

Alikuwa na miaka thelathini na mbili. Tangu ana saba hakuwahi kuamka bila kujua siku ile atasukumana na nani. Akapata kazi ya ulinzi kwenye maduka makubwa ya Stratford, kusimama mlangoni na redio kiunoni. Alikuwa mlinzi mzuri. Watu walimwogopa kwa umbo, kisha walimwuliza njia ya vyoo. Lakini nyumbani alipungua. Simu za wenzake hakuzipokea. Mechi ikiwa kwenye televisheni ya duka, alivuka barabara. Nilimwambia aende kufundisha vijana, akasema hawezi kusimama pembeni akiwaonyesha watu wengine nyumba aliyofukuzwa. Miaka mitatu ilikwenda hivyo.

Kisha baba akapata kiharusi.

Tulimhamishia kwetu yeye na mama, chumba cha chini. Upande wake wa kulia ulilegea, lakini maneno yalirudi upesi, na hasira zikarudi mbele ya maneno. Walezi wa wagonjwa walikuja mara mbili kwa siku, wanawake wema wenye haraka, na walitumia winchi ndogo yenye kitambaa cha kumbebea. Baba aliichukia. Alisema inamning'iniza kama shehena ya karafuu. Ikafika pahala akawa hataki kutoka kitandani, hataki kuoga, anasema aachwe. Mtu aliyekuwa akipiga pasi hata leso zake.

Siku moja mlezi alichelewa, na baba alihitaji kwenda msalani. Mimi na mama tukajaribu. Tulimvuta kwa makwapa, akateleza, akakaa chini baina ya kitanda na kabati, kanzu imepanda magotini. Hakuumia. Lakini alianza kulia, na mimi sikuwahi kumwona baba akilia, hata alipopata habari za kifo cha mama yake, ambaye hakuweza kwenda kumzika.

Mume wangu alikuwa jikoni, siku yake ya mapumziko. Akaja, akatazama, na nilidhani atamnyanyua papo hapo, maana angeweza. Hakumgusa. Aliishusha kanzu ikafunika magoti, kisha akakaa chini naye, mgongo kwenye kabati, miguu imenyooka, mkubwa wa watu kwenye upenyo ule. Wakakaa. Akamuuliza kama anaumwa popote. Akamuuliza mguu gani anauamini. Baba akasema wa kushoto.

Wao wawili walizungumza kwa Kiingereza, na nakumbuka kila neno.

"Baba, mimi sikunyanyui," mume wangu alisema. "Kule kwetu uwanjani hakuna anayenyanyuliwa. Yule mrefu anaruka, mimi namfuata tu na mikono. Asiporuka, hata watu watatu hawamwezi."

"Mimi siwezi kuruka."

"Huna haja ya kuruka. Nipe mguu wa kushoto, mengine niachie."

Akaniambia nilete kiti cha jikoni. Akamwonyesha baba namna ya kugeuka ubavu, kisha goti, kisha kiganja kizuri juu ya kiti. Kila hatua alimweleza kabla ya kuifanya, na hakuendelea mpaka baba aitikie. Mikono yake ilikuwa kiunoni mwa baba, imefunguka, kama mtu anayesubiri kudaka. Akahesabu moja, mbili. Kwenye tatu baba akasukuma kwa mguu wake wa kushoto, akasimama. Alisimama akitetemeka, ameshika bega la mume wangu, na akakitazama chumba kutoka kimo chake cha zamani.

"Umeona?" akamwambia mama. "Nimesimama."

Tangu siku hiyo akawa hamtaki mwingine. Mume wangu alibadilisha shifti zake, akawa naye kila asubuhi kabla ya kwenda Stratford. Nilikuwa nikiwasikia nikiwa napika uji, moja, mbili, kisha kishindo, kisha wakati mwingine kicheko. Baba alianza kuhesabu yeye, kwa Kiswahili, na mume wangu akajifunza namba, kisha viungo vya mwili, kisha maneno mengine, yote kwa lafudhi ya Pemba, hata jamaa zetu wa Dar wakimsikia kwenye simu wanacheka na kuuliza tumemtoa Wete au Chake Chake. Nilimwona mume wangu usiku na mchana kwa miaka mingi, lakini uso ule wa asubuhi zile nilikuwa sijauona tangu uwanjani.

Hospitali ilimtuma mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mmoja mkimya, kuja kumpima baba. Akawatazama wakifanya kazi yao kutoka kitandani hadi dirishani. Akamuuliza mume wangu amesomea wapi kuwahudumia wagonjwa. Kabla hajajibu, baba alisema amesomea matopeni. Yule mama aliandika kitu, na alipokuwa anatoka akamwambia mume wangu kwamba wodini kwao wanatafuta wasaidizi wa mazoezi, na kwamba nguvu wanayoitafuta si ile watu wanayoidhania. Wanamtafuta mtu anayejua kungoja.

Mume wangu alijaza fomu ya kuomba kazi ile kwenye meza yetu ya kulia. Mara ya kwanza hawakumchukua, na nikaogopa atarudi kule kwenye ukimya. Akajaza tena. Mara ya pili wakamwita, wakamuuliza aeleze siku aliyofanya kazi na wenzake chini ya shinikizo. Anasema alicheka kabla hajaweza kujizuia, kisha akawaeleza skramu. Wakamchukua.

Ana miaka minne wodini sasa. Anawasimamisha watu waliopata kiharusi, watu waliovunjika nyonga, na anarudi nyumbani akiniambia, bila kutaja majina, nani leo kafika mlangoni na nani kafika dirishani. Simu za wenzake anazipokea. Jumapili anawafundisha mstari wa mbele kwenye timu ya wanawake huku kwetu mashariki, manesi, walimu na dereva mmoja wa basi, na binti yetu huenda naye kubeba chupa za maji na kuwarekebisha wanaoinama vibaya.

Ijumaa moja mwaka jana baba aliingia msikitini kwa miguu yake, na fremu yake ya kutembelea, mume wangu hatua moja nyuma. Mzee mmoja pale mlangoni, rafiki wa baba wa tangu ujanani, akamuuliza huyu aliyemfuata ni nani. Baba akasema ni mwanawe. Mume wangu aliniambia habari hiyo akiwa anavua viatu, ameinama, na alikaa ameinama muda mrefu kuliko viatu vinavyohitaji.

Na sasa anasoma. Chuo kimemkubali, siku mbili kwa wiki, na siku zilizobaki yuko kazini, ili awe mtaalamu kamili wa mazoezi ya viungo. Ni mkubwa kuliko wote darasani, na anasema hata mwalimu ni mdogo kwake. Meza yetu imejaa picha za mifupa. Binti yetu anamhoji majina yake kwa Kiingereza, baba anadai kila mfupa utajwe na kwa Kiswahili, na usipokuwa na jina la Kiswahili anautungia, na mama anawaambia waondoe mifupa yao anataka kuandaa chakula.

Mtihani wa kwanza ni Alhamisi. Anasema ana hofu kuliko siku ile alipoingia uwanjani na mama yake akarekodi anga. Mimi nimeomba ruhusa kazini. Nitampeleka hadi mlango wa chuo, halafu nitatafuta mahali karibu pa kunywa chai, nimngoje.