Mguu wa Kriki

Gari letu, jipu kuukuu, tulilinunua bila kriki. Kwingine wanaiita jeki. Huku Goma ni kriki, na mtu akikuambia gari lake halina, unamwangalia kama mtu aliyetoka nyumbani bila viatu. Aliyetuuzia alituapia kwamba iko chini ya kiti. Chini ya kiti tulikuta kandambili moja.

Basi asubuhi moja mimi na mume wangu tukashuka Birere kuitafuta. Tulikuwa tumeshakosana tangu nyumbani Murara. Mimi nilitaka ile ndefu yenye meno, inayopanda jino kwa jino, kwa sababu jipu liko juu na nilishaona watu wamepiga magoti na kriki fupi isiyofika popote. Yeye alitaka ile ya mafuta, nene na fupi kama chupa. Mume wangu ni karani. Anapenda kitu kinachoingia mahali pake na mlango ukafungwa.

"Ile ndefu inavunjaka batu meno," akasema. "Mukono ikiponyoka tu, inakurudilia ku uso."

"Na hii yako itainua nini? Kuku?"

Muuzaji, ambaye bila shaka ameona ndoa nyingi zikipita mbele ya meza yake, hakungoja tumalize. Aliiingiza ile ya mafuta chini ya pikapu iliyoegeshwa pale pale, akapampu, na gurudumu likaachana na ardhi bila hata kelele. Nikakubali tuichukue hiyo. Tuliuliza urefu, tukauliza nguvu, tukauliza kama inavuja. Hakuna kati yetu aliyeuliza kuhusu mguu wake, kile kitako cha chuma kisichozidi kiganja cha mkono. Watu wa Goma hatuulizi jambo hilo. Tunaishi juu ya mawe ya volkano. Hata choo tunachimba kwa tarimbo na nyundo. Kwetu ardhi ni kitu kinachokataa, na haikutuingia akilini kwamba mahali pengine inakubali.

Mvua zilipoanza, jirani wa mama yangu alinipigia simu kutoka kijijini alikohamia mama uzeeni, mbele kidogo ya Rutshuru. Mama hapumui vizuri, akasema, na kituo chao cha afya hakina oksijeni. Wamesema apelekwe Goma leo leo. Tulikwenda mbio. Tulimkuta ameketi kitandani, kwa sababu akilala tu pumzi inakatika.

Lazima nieleze hapa kwamba mama na mume wangu hawakuwahi kugusana hata mkono. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wanasalimiana kwa mbali, kila mmoja akiangalia chini, na mama hakuwahi kula mbele yake. Hata siku ile ni mimi na wanawake majirani tuliomwingiza garini na kumzungushia mito. Mume wangu alisimama upande wa pili wa jipu, akiutazama mlima kama mtu aliyetumwa kuuhesabia miti. Niliudhika, lakini ndivyo heshima ilivyotaka.

Tulikuwa tumeshapita Rutshuru, tukirudi Goma. Mvua ilikuwa imekata barabara, na magari yalizunguka pembeni, kandokando ya shamba la maharage. Hapo ndipo gurudumu la nyuma lilipopasuka, upande wa mama.

Mume wangu alilegeza nati, akaweka kriki chini ya ekseli, akaanza kupampu.

"Inainuka?" akaniuliza.

Nilitazama gurudumu. Halikusogea. Nikatazama kriki.

"Inashuka," nikasema.

Udongo mweusi wa Rutshuru, unaotulisha sote, ulikuwa unaimeza. Alipampu tena kwa hasira, nayo ikazama tena. Nikaenda kutafuta jiwe bapa. Mimi, niliyezaliwa na kuolewa nikijikwaa kwenye mawe, nilikosa jiwe! Ndani ya gari mama alikuwa ameanza kupiga mluzi mwembamba kila mwisho wa pumzi. Nilijua kwamba akikaa pale mpaka jioni tutampeleka Goma kuzikwa.

Mwanamume mmoja akatokea akisukuma chukudu, ile pikipiki yetu ya mti isiyo na injini, imejaa mbao za kuuza. Aliona, akaanza kufungua kamba kabla hatujamwomba.

"Muweke mbao chini ya kriki," akasema. "Lakini mutoe muzee kwanza. Gari itainama."

Nilifungua mlango. Peke yangu sikumweza. Yule mwanamume akasogea, mama akatikisa kichwa, hataki kushikwa na mtu asiyemjua. Mume wangu alisimama hatua chache nyuma yetu, macho chini.

"Mukwe wangu hawezi kunishika," mama akasema kwa vipande. "Muniache ndani."

Tukajaribu akiwa ndani. Mbao mbili zilipangwa moja juu ya nyingine, kriki juu yake, na mume wangu akalala ubavu kwenye tope akipampu pole pole. Gurudumu lilianza kupanda. Nikaanza kushukuru. Mama akakohoa, mwili ukamwendea mlangoni, na jipu zima likaegemea naye. Niliona kriki inapinda kichwa.

"Toa mukono!" nikapiga kelele.

Aliutoa. Jipu likaanguka kwa kishindo, ubao wa juu ukapasuka katikati, na ule mluzi ukanyamaza.

Sitasahau kimya kile. Niliichukia kriki, nikaichukia heshima, nikamchukia hata yeye mama yangu na ukaidi wake. Nikamwambia kwa sauti ambayo binti hamwambii mzazi: "Haya yako itakuua mbele ya macho yangu!"

Mluzi ukarudi. Mama alimtazama mkwe wake kupitia mlango uliokuwa wazi, tope limemfika viwikoni, kisha akanyoosha mikono yote miwili.

"Mukwe," akasema. "Unibebe."

Mume wangu alijifuta mikono kwenye shati, akainua macho, akambeba. Alikaa naye ukingoni mwa shamba, mgongo wa mama umeegemea kifua chake. Mara mbili alijaribu kumwegemeza kwenye mito ili aje kutusaidia, na mara zote mbili pumzi ilimkwama, akamrudisha kifuani. Kwa hiyo kriki nilipampu mimi, na mwenye chukudu akazishika mbao zisicheze. Jipu tupu lilipanda wima. Tulibadilisha gurudumu, nikakaza nati kwa nguvu zangu zote.

Nilipogeuka kuwaita, mama alikuwa amesinzia, mdomo wazi, na mume wangu alikuwa analia bila sauti ili asimwamshe.

Nikaendesha mimi. Yeye alikaa nyuma amemshika hivyo hivyo mpaka mlangoni pa hospitali. Wauguzi walikuja na kitanda cha magurudumu, wakataka kumpokea, lakini mama alikuwa ameng'ang'ania shati la mkwe wake kwa vidole vyote na hakukubali kuliachia. Wakamvalisha oksijeni akiwa bado mikononi mwake.