Mama Mkwe na Mbuzi Aliyevaa Tai

Ofisini walimwita Hakika, kwa sababu ukimuuliza jambo lolote, hata kama mvua inanyesha na yeye ameloa chapachapa, alikujibu, "Sina hakika bado." Kazi yake ilikuwa kupekua mafaili ya kompyuta, hasa yale yaliyotiwa saini ya kidijitali, aone kama ndani yake hazikujificha programu za matangazo na takataka nyingine ambazo hakuna mtu aliyeziomba. Watu wengi wakiona faili lina saini halali hushusha pumzi. Hakika ndiyo kwanza anavuta kiti. Saini, alikuwa akisema, inakuonyesha faili limetoka kwa nani na kwamba halikuguswa njiani. Kama huyo aliyelituma ni mtu wa maana, hilo ni suala jingine kabisa.

Tabia hiyo alitoka nayo kazini mpaka nyumbani. Alisoma maandishi madogo ya kwenye chupa ya shampuu kabla ya kuoga. Siku ya harusi yake, alipoulizwa kama amekubali, aliomba swali lirudiwe, tena polepole. Bibi harusi alicheka mpaka wanja ukamtoka. Mama yake hakucheka, na tangu siku hiyo akawa anamtazama mkwewe kwa jicho la pembeni.

Asubuhi moja bosi wa Hakika, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha jengo zima, alisimama mlangoni.

"Ile programu ya hali ya hewa, safi au chafu? Watu wanalalamika matangazo yanawafurikia, wewe unaniambia huoni kitu."

"Sina hakika bado, bosi."

"Basi mpaka jioni uwe nayo hiyo hakika. Ikikushinda, tunaipitisha."

Na kweli ilikuwa imemshinda. Saini ilikuwa halali, cheti hakijaisha muda, jina la kampuni limeandikwa vizuri bila kukosa hata nukta. Alikuwa ameiweka kwenye kompyuta ya majaribio, ile iliyotengwa na nyingine zote ili ikiharibika iharibike peke yake, ambayo kwa sababu hiyo waliiita Kafara. Programu ikatulia mle kama mgeni aliyekaa sebuleni na mikono mapajani. Jua likiwaka, inasema jua linawaka. Basi.

Alikuwa bado ameikodolea macho wakati mkewe alipopiga simu.

"Mume wangu, mama amefika, mimi nimebanwa kazini na funguo ninazo mimi. Nimemwambia aje akae kwako."

"Kwangu ofisini?"

"Ni kukaa tu. Mama anajua kukaa."

Mama mkwe akafika, mkoba kwapani, amevaa kama anakwenda kupokea tuzo. Hakika akampa shikamoo yake kwa adabu zote, akaitikiwa marahaba ya juu juu. Kiti pekee ambacho mgongo wake haukuvunjika kilikuwa mbele ya Kafara. Akamkalisha hapo, akatoka kumtafutia maji ya kunywa.

Aliporudi na glasi, mama mkwe alikuwa ameshavaa miwani na kushika mausi kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota yai.

"Mama! Hiyo... samahani mama, hiyo..."

"Wamenisalimia," mama mkwe alisema bila kugeuka. "Wameandika, 'Karibu! Je, tukusaidie zaidi?' Nikabonyeza ndiyo. Ulitaka ninyamaze kama sikulelewa?"

Angekuwa mtu mwingine, Hakika angemnyang'anya mausi. Lakini mama mkwe hanyang'anywi kitu. Akabaki amesimama na glasi yake, akakohoa kidogo, akakohoa tena. Kidirisha cha pili kikafunguka. Mama mkwe akakisoma kwa sauti, neno kwa neno, mausi ikatangatanga, ikapotea pembeni, ikarudi. Ndiyo. Cha tatu kikamuuliza kama angependa habari motomoto. "Ndiyo, asanteni."

Hapo ndipo Hakika alipopigwa na bumbuwazi. Siku zote hizo yeye alikuwa akibonyeza "Hapana" upesi upesi, kwa mkono ulionyooka kama mashine, na programu ilikuwa inachungulia mwendo wa mausi. Ilikuwa inasubiri mtu wa kweli, anayesoma, anayesita, anayekosea njia. Ilipompata mama mkwe, ikajua imefika nyumbani.

Akaweka glasi chini, akawasha kinasa cha kurekodi kila kinachotokea kwenye ile skrini.

"Mama, endelea tu."

"Kwani nani kakwambia nimeacha?"

Yakaja magodoro. Ikaja dawa ya kuotesha nywele, vikaja viatu vya kupunguza tumbo. Mistari ya matangazo ikashuka kutoka juu ya skrini mpaka hali ya hewa ikabaki ukanda mwembamba kama utepe. Mwishowe akatokea mbuzi aliyevaa tai, akapiga mbizi katikati ya skrini na kusema kwa sauti nyembamba, "Hongera! Wewe ni rafiki yangu wa milioni moja!"

"Milioni?" Mama mkwe alishangaa. "Huyu ni mtu wa watu."

Sauti ya mbuzi ikamleta bosi. Akaangalia skrini, akamwangalia mama mkwe, akamwangalia Hakika aliyekuwa anatetemeka kwa furaha.

"Hakika, huyu ni nani?"

"Mbuzi, bosi? Au mama mkwe?"

"Shikamoo mama," bosi akasema haraka, akakaa juu ya meza atazame vizuri.

Jioni ile programu iliandikiwa ripoti: chafu, tena chafu mno. Waliotoa cheti wakaarifiwa, nao baada ya kujionea rekodi wakakifuta. Hakika akalieleza jambo hilo mezani nyumbani, kifua mbele.

"Na mbuzi?" mama mkwe aliuliza.

"Ndiyo basi tena, mama. Tumemfungia."

Mama mkwe akasukuma sahani. "Kiumbe ameniita rafiki mbele ya watu, wewe ukamfungia." Mke wa Hakika akakimbilia jikoni, akaonekana kupitia mlangoni ameziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo.

Ilibidi bosi mwenyewe apige simu kumbembeleza mama mkwe arudi ofisini. Siku hizi programu ikijifanya mpole kupita kiasi, mama mkwe huletwa kwa teksi ya ofisi, akiwa amevaa vizuri, na kwa ndugu zake anasema mkwewe hawezi kazi bila ushauri. Hakika husimama nyuma ya kiti akiwa na chai yake.

"Mama, hicho kitufe chekundu tukiache kwanza."

"Wameandika 'tafadhali'," mama mkwe anasema, na kubonyeza.