Fuvu Kwenye Simu ya Tulia

Tulia wa steshenari pale Tukuyu mjini aliishia kidato cha pili, na hakuna kilichomuuma maishani kama kuachana na vitabu. Ndiyo maana mvua ikifukuza wateja, alijibanza nyuma ya mashine ya fotokopi akichagua picha za kupamba uso wa simu yake: maktaba za kizamani zenye giza, makoti ya kahawia, vitabu vilivyochakaa. Siku hiyo aliweka moja yenye mshumaa juu ya rundo la vitabu, na pembeni fuvu la kichwa. Aliipenda mno.

Wifi yake Tusekile, mwanakwaya asiyejua hodi wala haya, akaichungulia.

"Yesu wangu! Wifi, umejiunga na Frimasoni!"

"Hivyo ni vitabu, wifi."

"Na hilo fuvu ni la nani?"

Jumapili Tusekile akawaleta kina mama wa maombi, wakamvamia nyumbani kwake kijijini Masoko. Waliilaza simu kwenye kigoda, wakaizunguka, wakaikemea mpaka chaji ikaisha. Ilipozimika, wakapiga vigelegele. Tusekile akalia machozi ya ushindi.

Tulia aliwaacha wanywe chai yake, wamalize na ndizi zake. Kisha akachomeka chaja, na simu ilipowaka akaweka picha ya Tusekile mwenyewe, aliyopigwa harusini, macho kayakodoa, mdomo umejaa pilau.

Akawasogezea simu.

"Haya, mama zangu. Kemeeni na hili fuvu."